Nafasi ya Papa Katika Wimbo

Jumatatu, 10 Januari 1977

Mlima umepasuka! Saa nne asubuhi tulikuwa darasani, mara kelele barabarani: moto unashuka! Mwalimu akatufungulia mlango, tukakimbia. Sasa tuko ukingoni mwa ziwa — Mama, Koko na mimi, pamoja na nusu ya mtaa wetu wa Murara. Koko ni bibi yangu, mama mzazi wa baba yangu, Papa. Haoni tena, wala miguu haimbebi. Tumembeba kwa zamu. Kila mara anauliza mwanawe yuko wapi.

Papa aliondoka alfajiri kwenda Kibumba, kukata mianzi ya filimbi mpya. Kibumba ni upande ule wenye moshi.

Jumanne, 11 Januari

Tumerudi. Nyumba ipo. Papa hayupo.

Alhamisi, 13 Januari

Barabara ya Rutshuru imekatwa na mawe ambayo bado yanawaka. Wanaume waliofika huko wanaanza kusimulia, halafu wanatuona, wananyamaza. Mama alikwenda hospitali, kisha parokia. Kuna orodha mbili. Jina la Papa halimo katika ile ya waliokufa. Katika ile ya waliopona pia halimo.

Jumapili, 16 Januari

Leo tumecheza. Sikutegemea! Baada ya misa, uani kwa Muzee Paulin, kiongozi wa kikundi, kama kila Jumapili: ngoma mbili, filimbi tisa kasoro moja, na sisi Wanande wote wa mtaa, kuanzia mabibi hadi watoto wa mgongoni.

Kila filimbi ina sauti moja tu. Mtu anapuliza yake, ananyamaza, jirani yake anapuliza, na wimbo unapita kutoka mdomo hadi mdomo kama ndoo za maji wakati wa kuzima moto. Ya Papa ni ya nane, nene, yenye sauti ya chini. Imening'inia juu ya kitanda chake. Katika kikundi chetu filimbi ya mtu mwenye pumzi haishikwi na mwingine. Inapewa mtu mpya tu mwenyewe akishazikwa.

Basi leo, zamu ya Papa ilipofika, wote walinyamaza. Hata ngoma. Tukabaki na mguu mmoja juu, wazee kwa watoto, mpaka filimbi ya tisa ikatushusha. Mzunguko wa kwanza nililia. Baadaye nikaanza kuingojea ile nafasi. Ni yake! Muzee Paulin anamhesabu bado.

Mama hakucheza. Alikaa na wale wanaonyonyesha.

Jumatano, 19 Januari

Animateur, yule mhamasishaji wa chama tawala katika mtaa wetu, alikuja kwenye mazoezi. Jumamosi mgeni mkubwa atatoka Kinshasa kutazama maafa, na kila kabila litamchezea kwenye kiwanja cha ndege. Alisikiliza, mikono kifuani.

— Muzee, wimbo wako umeng'oka jino!

Watu wengine walicheka. Walicheka!

Muzee Paulin alijibu kwa upole kwamba mwenye sauti ile yuko safarini.

— Safarini wapi? Mutie mwingine. Ao munataka kufanya matanga mbele ya mgeni wa chama?

Hapo hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 20 Januari

Muzee Paulin hakutaka kuingia ndani. Alimwita Mama njiani, maana maneno ya kuitoa filimbi ya mtu hayasemwi karibu na mama yake mzazi. Alikuja na Émile, fundi wa matofali ambaye Papa alimfundisha kupuliza. Nilitoka na ndoo kama ninayekwenda kuchota maji. Nikasimama nyuma ya ua.

— Mama Kasoki, unisamehe. Kama wangefunga mimi peke yangu, ningekataa. Lakini animateur amesema atatufunga wote, kama ya nane haitalia.

— Mama, mie sitaki, Émile akasema. Nitaiweka kwenye mudomo tu. Nitafanya kama ninapuliza.

— Na masikio ya yule mutu wa chama, utayaziba na nini? Muzee Paulin akamwuliza.

Mama alisema kwamba kila jioni anamwekea Papa chakula. Koko anauliza, yeye anajibu kesho. Mtoto anauliza, kesho. Amechoka na kesho.

Akaingia, akaishusha filimbi. Nilimfuata, nikamshika kitenge.

— Mama, ukiitoa, umemuzika!

— Punguza sauti. Koko atasikia.

Nimeahidi kutomwambia Koko. Katika katekisimu tulifundishwa kwamba hata kunyamaza kunaweza kuwa uongo. Nimeahidi hata hivyo. Halafu nimemwomba Mungu mwanzi ule upasuke.

Ijumaa, 21 Januari

Mazoezi ya mwisho. Mama amekwenda, mimi nimebaki na Koko. Kwa Muzee Paulin ni nyumba ya nne kutoka kwetu, kila kitu kinasikika.

Filimbi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilihesabu kwa vidole. Ya saba, kisha — kimya! Émile hakupuliza. Mzunguko wa pili, kimya tena. Asante, Émile! Kisha nikasikia animateur akifoka. Ngoma zikaanza upya. Tano, sita, saba —

Ikalia.

Sauti ileile! Nilidhani pumzi ya mtu mwingine ingetoa sauti nyingine, nami ningetambua kwamba si yeye. Hapana. Ni ileile kabisa. Mimi ninayejua yote, nilishtuka nimeshafika mlangoni.

Koko alikuwa anachambua maharagi kwa vidole. Sinia ikaanguka.

— Kasoki! Umesikia? Niliwaambia nini? Mutoto wangu amerudi! Na anapitia kwanza kwenye ngoma, mupumbavu yule, mbele ya kusalimia mama yake!

Anacheka. Anapiga makofi. Tangu mlima sijamwona akicheka. Ameagiza ndoo nzima ya maji ya moto, atamwosha miguu mwenyewe, maana ametembea katika majivu siku nyingi.

Nimewasha makaa. Ninaandika jikoni, daftari juu ya goti. Kila ya nane ikilia, Koko anaitikia kwa jina la utoto wa Papa. Sijamwambia.

— Maji yamepata moto?

— Bado, Koko.

Yanachemka. Filimbi zimenyamaza sasa. Nasikia watu wanaagana kwa Muzee Paulin, na nyayo za Mama zinakuja njia yetu. Koko amejikokota mpaka kizingitini. Ameketi, kitambaa begani, na mikono ameinyoosha mbele.