Chumvi ya Kuyeyushia Fromaji

Jumanne, 4 Juni 2024
Imeharibika tena, fromaji yangu ya kupaka mkate. Jibini ngumu ya Bijombo niliikata vipande vidogo, nikatia maji, moto mdogo, nikakoroga mpaka bega likauma. Mafuta juu, chini vipande vinavutika kama mpira. Binti yangu Ornella akaonja: "Mama, hii muntu atatafuna mpaka Pasaka." Nilicheka, Mungu anisamehe.
Masera Consolée, mkubwa wa jiko kwenye nyumba ya wageni ya watawa, anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Akiipenda, wageni watapaka mkate na ya kwetu, si ile ya karatasi za kung'aa kutoka mbali. Asipoipenda — basi. Domitille na wafugaji wenzake milimani wataendelea kutupia mbwa fromaji isiyopata mnunuzi.

Alhamisi, 6 Juni
Frère Jean-Berchmans, bruda aliyenifundisha mambo ya maziwa kule Bukavu, ametuma pakiti ya robo kilo. Imeandikwa *sel de fonte*, chumvi ya kuyeyushia. Nikampigia: Frère, chumvi iko, tele. Akacheka. Hii si ya ladha. Anasema ndani ya fromaji kalsiamu inafunga protini kama kamba. Chumvi hii inalegeza kamba, basi protini inashika maji na mafuta pamoja. Gramu thelathini kwa kilo. Ikipungua, mafuta yanatoka. Ikizidi, ladha ya sabuni.

Jumapili, 9 Juni
Nilienda misa ya kwanza. Domitille ameshuka na kilo nane, analala kwetu. Yeye alienda misa ya pili.

Jumatano, 12 Juni
Imekubali! Kilo zote nane, pakiti imeisha. Mwanzoni ilitisha, ikagandamana na kutoa mafuta. Nikasali, nikakoroga. Mara ikalainika, ikang'aa, ikateremka toka kwenye mwiko kama utepe. Imekaa mchana mzima na hili joto la Uvira, hakuna hata tone la mafuta. Mimi niliyeishia darasa la sita!
Domitille akapiga vigelegele. "Nilijua itakubali, dada. Hiyo chumvi si nilipeleka kwa Padri Jumapili? Aliibariki."
Nikakaa chini. Kwao Bijombo wanabarikisha chumvi ya ng'ombe. Yeye kaona *sel* kwenye pakiti, akaibeba. Lakini katekisimu ilitufundisha: kilichobarikiwa hakiuzwi.
"Kwani weye unauza chumvi?" Domitille ananiuliza. "Unauza fromaji."
Ornella naye: "Na protini, mama, zimebatizwa?"
Padri wa kumuuliza yuko Kamanyola mpaka Jumamosi. Pakiti nyingine kutoka Bukavu ni wiki mbili.

Alhamisi, 13 Juni
Masera Consolée kafika mapema. Alipaka, akabonyeza kwa kisu akitafuta punje, akainua mkate kwenye mwanga. Hakupata punje. "Hii mulitengeneza wenyewe?" Wenyewe, Masera. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa.
Anataka vikopo ishirini kila wiki, kuanzia hivi vya leo. Halafu akauliza tunatia nini ndani. Fromaji, nikasema, maji, chumvi. Chumvi gani? Domitille anaangalia vidole vyake vya miguu.
Nikamwambia: Masera, keti kwanza, nilete chai, ni hadithi.
Ameketi. Niko jikoni, maji hayajachemka, naandika haraka. Nasikia kisu chake kinakwaruza kikopo — mkate wa tatu huo. Nikitoka nitamwambia yote, baraka na gramu zake.