Nilimfungia Mama Mkwe Nje ya Jiko kwa Ajili ya Samoni

Mshauri mpendwa, msaada ninaouomba ni wa neno moja tu, ndiyo au hapana, ila ili ulitoe neno hilo kwa haki itabidi univumilie nikueleze tangu mwanzo, maana hapa nyumbani kila nikifungua mdomo naambiwa nimeshasema sana.

Mimi ni mama wa pacha wa miaka tisa na kazi yangu ni kufunga samaki kwenye ghala la barafu, upande wa samoni. Nasimama mbele ya meza ya chuma tangu asubuhi nimevaa koti zito na glavu mbili mbili, ubavu wa samaki unakuja, natoa miba iliyobaki kwa koleo ndogo, napangusa, nafunga, naweka kwenye boksi, unakuja mwingine, na kwa miaka kumi nimeshika samoni wengi kuliko mikono ya watu lakini sikuwahi hata siku moja kumtia mdomoni. Kisha akaja mwenzangu mmoja, tunamwita Dada Kopo kwa sababu haachani na kopo lake la chakula, mama yake ni mtu wa Asia, huko wanakompika samaki na nazi na majani, na siku moja wakati wa mapumziko akanionjesha kijiko kimoja tu, mshauri, nikajua nimeibiwa miaka kumi.

Akanifundisha palepale tukiwa tumekalia maboksi, kwamba unakaanga kitunguu saumu na tangawizi kidogo, unatia shina la mchaichai ulilolipondaponda, unamimina tui na matone machache ya soya, likianza kutokota unamlaza samaki ngozi chini kwa dakika chache, na zile chainizi zenye mashina meupe manene unazitia mwisho kabisa, mashina kwanza na majani baadaye, unaepua zikiwa bado zinalia ukizitafuna, halafu ndimu. Ghala hutugawia Ijumaa vipande vilivyokatika vibaya, kwa hiyo samaki haikuwa shida. Shida ilikuwa nyumbani.

Mama mkwe anaishi nasi mwaka wa tatu sasa, tangu baba mkwe alipofariki, na jikoni aliingia siku ya pili na mpaka leo hajatoka. Sisemi ni mtu mbaya, mama huyu ndiye aliyekuja kuniogeshea pacha walipozaliwa, wakati mimi sina nguvu hata ya kusimama, na kwa mapishi ya nazi sijaona wa kumfikia, lakini kwake samaki huchemshwa mpaka asahau kwamba aliwahi kuogelea, wanasema baba mkwe aliwahi kulazwa kwa samaki ambaye hakuiva, ni habari za zamani. Basi mara ya kwanza nilipompika samoni nikaenda kuwaita watoto, kurudi nakuta sufuria iko motoni tena, maji yameongezwa vikombe viwili, kifuniko juu, na mama ananiambia, "Mwanangu, ulipitiwa. Ndani alikuwa bado mwekundu."

Nikamwambia, "Mama, samoni ndiyo rangi yake."

Akasema, "Hata nyama ndiyo rangi yake, mpaka iive."

Tukala uji wa samaki. Mara ya pili nilisimama palepale nikilinda sufuria kama askari wa benki, nikapakua mwenyewe, na mume wangu akaikata sehemu yake, akaichungulia, akainuka na sahani mkononi akaenda kuirudisha jikoni, mama akafurahi, na sahani zote zikafuata. Mara ya tatu niliificha sufuria ndani ya jiko la kuokea nikaenda kuoga, mama akaikuta, akaniwashia moto humohumo, na majani yangu yalipotoka yalikuwa meusi. Nilipolalamika mume wangu akasema, "Mwache mama, amezoea tu." Mimi je, mshauri, mimi nizoee nini?

Wiki iliyopita nikatimiza miaka kumi kazini. Wakanipa cheti, nimekibandika ukutani jikoni, na wakanipa ubavu mzima wa samoni, mzuri, mnene, wa aina ninayowafungia watu wengine kila siku nikiwaonea wivu. Nikasema huyu hafi mara mbili. Nikamwalika wifi yangu Jumapili mchana, dada mkubwa wa mume wangu, nikanunua nazi, tangawizi, chainizi bado zina umande, nikaingia jikoni, nikafunga mlango kwa ndani na ufunguo nikautia kifuani.

Mama alijaribu kitasa mara mbili. Kisha nikamsikia anaburuta kiti, akaketi nje ya mlango, akaanza kugonga kwa mwiko, taratibu, bila hasira, na kila akigonga ananiambia, "Mama Pacha, fungua tu niangalie." Mlango sikuufungua. Mwisho akaacha kugonga. Mimi huku ndani nimezama kwenye kukata mashina ya chainizi, jiko nimelipa mgongo, nikasikia sauti yake pale kwenye tundu la ufunguo, "Tui linachemka kwa pupa, litakukatikia. Punguza moto. Koroga upande mmoja." Nikageuka, kweli lilikuwa limeanza kukatika pembeni. Nikapunguza, nikakoroga upande mmoja, likarudi laini. Asante sikumpa.

Nilipofungua nilikuwa nimebeba sinia. Mshauri, walikula. Pacha waligombania ngozi. Mume wangu alikula vipande vitatu akiwa ameinamia sahani yake, na wifi alipomaliza cha pili akajifuta mdomo akasema, "Chakula kizuri, lakini heshima hakuna," kisha akasogeza sahani nimwongezee mchuzi. Mama yeye hakuketi. Alichukua sahani niliyompakulia, akasema, "Nampelekea paka," akatoka nayo uani, na baadaye akairudisha imeoshwa akaiweka kabatini.

Kesho yake mume wangu akanisomea hukumu. Kwamba mama yake hajawahi kufungiwa mlango na mtoto yeyote, kwamba nimemdhalilisha, kwamba Jumamosi hii kuna kikao cha familia na wifi ndiye mwenyekiti, na mimi nitasimama niombe radhi mbele ya wote, nimkabidhi mama ufunguo, na kuanzia hapo jiko ni lake, mimi nitaosha vyombo. Nikamwuliza, "Na wewe ulivyokula?" Akasema hilo ni suala lingine.

Sasa naomba uniambie, niombe radhi au nisiombe? Nikuambie mapema kwamba sitaki. Natoa miba ya samaki wa watu siku nzima, nikirudi kwangu nataka sufuria moja niliyoipika mimi, ikaliwa kama nilivyoipika. Na tafadhali usiniambie nivumilie, neno hilo nimelila miaka mitatu na limeiva kupita kiasi.

Mimi, Mama Pacha, ufunguo bado ninao.

*

Mama Pacha, umeomba neno moja. Ni hapana. Sasa vuta kiti ukae, maana ninayo mengine ambayo hukuyaomba.

Nianze na mumeo kwa sababu yeye ni rahisi. Mwanamume aliyekula vipande vitatu Jumapili hana mdomo wa kukusomea hukumu Jumatatu. Kama mlango ule ulimuudhi kiasi hicho angeweka uma chini kikiwa bado kipande cha kwanza. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo, na usipandishe sauti. Wifi naye, mtu aliyeomba nyongeza ya mchuzi hawezi kuwa mwenyekiti wa kesi ya mchuzi huo. Kikao chenu hakina hakimu hata mmoja mwenye mdomo mkavu.

Sasa njoo kwako. Umenipa somo zima la tangawizi na mchaichai, nikameza mate hapa mezani, halafu habari ya baba mkwe kulazwa umeipachika mwishoni mwa sentensi kama mtu anayeficha kitu nyuma ya mlango. Habari za zamani, unasema. Kwako wewe. Mwanamke aliyekaa kwenye benchi la hospitali akisubiri kuambiwa kama mumewe atapona, kwa ajili ya kipande cha samaki, unamwekea mbele samaki mwekundu, unamwambia ndiyo rangi yake, na unashangaa hajatulia? Mama huyo hakuja kukuharibia chakula. Alikuja kuhakikisha hakuna anayelazwa tena. Miaka mitatu mko jiko moja na hujawahi kumwuliza siku ile ilikuwaje, na kwa hilo nakugombeza kwelikweli.

Lakini sikiliza na hili, usije ukanielewa vibaya ukaenda kumkabidhi ufunguo. Hofu yake ni ya kweli, na haimpi ruhusa ya kuirudisha sufuria yako motoni. Mtu anaweza kuogopa akiwa ameketi. Miaka kumi mikono yako inamjua samaki yule ndani na nje, na katika nyumba nzima hakuna mwenye haki kuliko wewe ya kusema huyu ameiva.

Kuna kitu kingine umekiandika mwenyewe na hukukisoma. Alipofungiwa mlango usoni, mama yule angeweza kunyamaza tui likatike, apate cha kuwaambia watu mezani. Alikusikilizia sufuria kupitia tundu la ufunguo, akakuokolea chakula alichokuwa anakikataa. Wewe ulimtii na hukumshukuru. Mlikuwa mnapika pamoja na mlango katikati, na sahani ile mliyoitoa ni yenu wawili, upende usipende.

Basi fanya hivi. Ijumaa ukitoka kazini beba vipande vyako, pita sokoni, na kabla hujafika hata jikoni mtafute mama akiwa peke yake. Umwombe radhi kwa mlango. Mlango tu, na kwa sentensi fupi, kwa sababu hapo ulikosea. Halafu umwulize habari za benchi lile la hospitali, na ukae mpaka amalize. Kwa samaki usiombe radhi, na Jumamosi mbele ya kikao usiombe chochote. Radhi imeshatolewa kwa mwenyewe, wengine hawakufungiwa kitu.

Jumamosi mchana, kabla wifi hajafika, ingia jikoni na mlango uache wazi kabisa. Ufunguo utundike kwenye msumari karibu na cheti chako ambapo kila mtu atauona, na usimkabidhi mtu. Mwekee mama kiti ndani, karibu na moto, na umpe nazi. Tui ni lake kuanzia kukuna mpaka kukoroga, usimfundishe kitu. Samaki ni wako. Ukifika wakati wa kumlaza, mwite asogee. Ukiona ule ung'avu wa kioo umetoka katikati na nyama haipitishi tena mwanga, chukua uma, bonyeza pale penye unene zaidi, mwonyeshe inavyoachana yenyewe vipande vipande. Mwambie, "Mama, mimi naangalia hapa, siangalii rangi. Rangi hii haiondoki hata tumchemshe mpaka wiki ijayo. Na nyumba hii sitamlisha mtu kitu kibichi." Umpe uma naye abonyeze. Hilo ndilo alilokuwa anataka kulijua tangu mara ya kwanza, na wewe ukamjibu kwa jeuri.

Akinyoosha mkono kuchukua kifuniko, na atanyoosha, mshike mkono huo kwa upole na usimwachie mpaka moto uzimwe. Akikugombeza, mwache agombeze. Mkono usiuachie.

Kikao kikianza, mumeo akidai ufunguo, mwonyeshe msumari. Mwambie jiko hili lina watu wawili wanaolijua, na yeye hayumo, ila vyombo vipo na sabuni ipo. Kisha pakua. Usingoje mwenyekiti afungue kikao, watu wakishashika uma hawana nguvu ya kukuhukumu.

Nimebakiza jambo moja. Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta paka. Nimewakuta pacha, mume, wifi, mama, na Dada Kopo huko kazini. Paka hayumo. Tena paka haoshi sahani akairudisha kabatini. Kwa hiyo ukimpakulia mama Jumamosi usimwulize kama atakula, wala usimtazame, wala usicheke. Weka sahani mbili mbele yake, moja ni yake na nyingine ni ya paka.