Sahani ya Marehemu Mama

Wamaitha uko? Leo kwa Makena nimetamani ardhi inimeze.

Si unajua aliacha kanisa akafuata hiyo dini ya miungu ya kale. Kila mwisho wa Oktoba wanawaandalia wafu wao chakula. Alikuwa amemwekea marehemu mamake mukimo wa viazi na mahindi mezani, na mshumaa kando.

Babake akatokea kutoka kwake mjini Gaithersburg bila kupiga simu. Mzee wa kanisa mzima. Akadhani ameandaliwa yeye. Akaketi, akaombea chakula, akala. Akala, Wamaitha. Sisi tunatazamana tu.

Ndipo Cheryl, kale katoto ka Makena, akasema, "Babu, hiyo ni ya Nyanya."

Makena akamweleza yote. Nikajua sasa mzee atawaka, atuombee mapepo yatutoke.

Hakuwaka. Aliweka kijiko chini, akauliza polepole, "Na huwa anakuja?"

Eti huwa anakuja? Mzee yule ndiye aliyeuliza hivyo.

Makena naye uongo hajui. "Sijawahi kumwona, Baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akavaa koti, akaenda zake.

Ningekuwa mimi, ningemwambia anakuja.