Kutu Imerudi kwenye Ngano Yako

Nyumba ya pili,
Nyuma ya kituo cha mbegu.
9 Juni

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kwenye baridi ya huko. Sisi hatujambo. Shemeji yako bado anakoroma na bado anakana.

Mvua zimekuwa nzuri, hata zimezidi. Bati la jikoni lilivuja, tukaliziba.

Sasa kaa chini, maana nina habari mbili na ya kwanza ni chungu. Ngano yako imeingiwa na kutu. Ndiyo, Ngangari yenyewe, uliyoihangaikia miaka kumi na miwili pale kituoni ili ugonjwa huo usiiweze. Na wa kwanza kuiona ni mimi, kwenye kile kishamba changu nyuma ya jiko: vumbi la rangi ya machungwa kwenye majani ya chini.

Unajua nilifanya nini? Nilinyamaza. Kila asubuhi nilikwenda na kitambaa kibichi nikafuta jani moja moja, kama ninavyofuta vyombo, ili majirani wasije wakaisema ngano ya kaka yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua; mimi niliumbuliwa na kitambaa.

Mpwa wako, Bi Maswali wetu, alipotoka kazini pale kituoni alikikuta kimeanikwa na madoa yake. Akauliza nimefutia nini. Nikamwambia ni manjano ya kupikia. Akakinusa, akanitazama, akaenda shambani na ile lenzi uliyomwachia. Aliporudi alinieleza, taratibu lakini bila kunipaka mafuta, kwamba kwa kitambaa changu nimeusambaza ugonjwa shina kwa shina.

Anasema kutu nayo haikai bure. Miaka yote hii ilikuwa ikigonga mlango wa ngano yako ikikuta komeo, hadi ikazaliwa moja inayojua kulifungua. Si kosa lako, wala mbegu haikuwa mbaya.

Lakini baada ya wiki mbili mbegu hiyo hiyo ilikuwa igawiwe wakulima wa wilaya nzima. Nilimsihi asubiri kwanza tukuandikie, usije ukasikia kwa watu. Akakataa. Nilimkuta jikoni analia, maana kazi hii amefundishwa na wewe. Kisha akanawa uso, akaenda kulisema kwenye kikao cha kituo.

Habari ya pili ndiyo hii. Mkuu wa kituo alimwambia kwamba mtu aliyeanza kazi juzi hawezi kuikosoa ngano ya mwalimu wake. Bi Maswali hakubishana. Alifungua daftari lako la kazi, ukurasa wa mwisho, akasoma ulichoandika siku ya kustaafu: "Kutu itarudi. Atakayeiona aseme siku hiyo hiyo, asinionee haya." Dereva wa kituo alikuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyenisimulia.

Mbegu zimezuiwa. Maabara imethibitisha kwamba ni kutu ya aina mpya, na wakulima watapewa mbegu nyingine msimu huu. Bi Maswali amepewa vitalu vinne, anaizalisha Ngangari yako na ngano nyingine ya zamani ili safari hii kutu ikute makomeo mawili. Kaka, kichwa kimenivimba hadi kilemba hakinitoshi. Kishamba changu nimekichoma kwa mkono wangu mwenyewe, na majirani nimewaambia sababu.

Shemeji yako anakusalimu sana, pia mdogo wetu na watoto wake mapacha, ambao sasa wanakula kama wanalipwa. Msalimie wifi, mwambie kitambaa alichonitumia kimeponea chupuchupu kuwa cha kufutia majani. Mungu akupe afya na usingizi mwema.

Bi Maswali ana wasiwasi kwamba umeudhika, hivyo mwandikie. Amenunua daftari jipya kwa ajili ya ngano yake. Bado hajajaza hata ukurasa wa kwanza, ila ule wa mwisho ameshauandika: ni maneno yako yale yale, kwa mwandiko wake.

Dada yako akupendaye, niliyeiona kwanza nikanyamaza,

Mama Bi Maswali