Hotuba ya rafiki yake mkubwa

Shoga, uko? Nimejifungia chooni huku ukumbini.

Si unajua binti yangu namsomesha mwenyewe nyumbani, na hotuba anafanyia mazoezi mbele ya vile viti vyangu sita vya sebuleni? Leo ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mbele ya watoto wenzake na wazazi wao.

Mada: rafiki yangu mkubwa.

Akaanza: "Rafiki yangu ana mguu mmoja mbovu, lakini kila siku anakaa mbele na hajawahi kunikatiza."

KITI! Anamsifia kiti! Kile cha mguu uliofungwa kamba!

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akatulia, akasubiri kicheko kiishe, kama nilivyomfundisha. Halafu akairudia yote kwa Kifaransa, bila kosa hata moja.

Kiti, jamani.

Miaka miwili namfundisha kuongea na watu. Watu wenyewe sikumletea.

Na aliposhuka jukwaani unajua kaniuliza nini? "Mama, mbona wamemcheka rafiki yangu?"

Nimemwambia anisubiri, nanawa uso. Bado amesimama nje ya mlango.