Maji Meupe ya Sanduku la Kioo

Mujukuu wangu Furaha,

Pokea salamu toka huku kwetu Baraka, kando ya ziwa. Sisi tuko, na mama yako mudogo amejifungua mutoto mwanamuke. Unauliza kama umwage maji yote ya akwariamu yako mupya kwa sababu yamekuwa meupe. Usimwage.

Miaka kidogo mbele ya uhuru, nilifanya kazi kwa Madame mumoja hapa. Bwana yake alileta sanduku la kioo, akatia samaki bane ba ziwa, akaniambia nibachunge. Siku ya tatu maji yakawa kama ya kulowekea muhogo. Nikamwaga yote, nikasugua mawe. Yakarudi meupe, samaki babili bakakufa. Nikaogopa kufukuzwa, nikamwaga tena.

Mama mukwe wangu, aliyeuza ndakala, bale dagaa ba ziwa, akanishika mikono.

«We binti, ziwa nani anaiosha? Leta toka ziwani mawe yenye utelezi, punguza chakula, kisha acha!»

Nikaleta mawe, nikapunguza chakula, lakini kuacha kulitaka kunishinda. Kila saa nilirudi kuchungulia. Siku ya saba maji yakatakata, na bale babili baliobaki bakawa banakula utelezi wa mawe bila kunitazama. Nilifurahi, lakini roho ikaniuma: mikono yangu ndiyo ilikuwa inabaua.

Unikumbatilie batoto bako.

Koko yako