Seva Inachora, Shemeji Anasifiwa

Shangazi Mshauri, shikamoo. Kila wiki nasoma ukurasa huu na kuwacheka wanaokuandikia, leo zamu yangu imefika, tafadhali usinicheke.

Mimi ni fundi wa tovuti katika ofisi inayotangaza harusi, misiba na mahafali, na kazi yangu naijua, hilo nalisema bila haya. Mtu akituma linki ya tangazo kwenye kundi la simu, juu yake hutokea picha ndogo yenye jina la mhusika na tarehe, ili watu wajue habari kabla hawajafungua, na picha hizo huchorwa moja moja na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye mimi ndiye niliyemwombea kazi baada ya mama mkwe kunishika mkono na kuniambia, "Mwanangu, huyu nakuachia wewe." Shemeji ana mkono mzuri, ila matangazo yamekuwa mengi, yanamzidi, mengine yanatoka bila picha, na watu wakiona linki tupu wanadhani ni matapeli, hawafungui, basi kwa huruma nikaandika programu ikae kwenye seva, ile kompyuta kuu inayobeba tovuti yetu, inachukua vipande vilevile ninavyojengea ukurasa, kipande cha jina, cha tarehe, cha sura ya mhusika, inavipanga na kuvigeuza picha papo hapo bila mtu kugusa kitu, nikaielekeza ifanye kazi pale tu ambapo shemeji hajaweka picha yake, na sikumwambia mtu, maana bosi akijua ataona hana haja tena ya mchoraji.

Shangazi, inafanya kazi vizuri mno! Bosi alipoona hakuna tena linki tupu akamsifu shemeji mbele ya ofisi nzima, shemeji akainamisha kichwa akasema, "Asante, bosi," basi. Sasa bosi amealika wenzetu wa tawi lingine waje Jumatatu kumtazama anavyochora haraka, na shemeji hali chakula vizuri wala haniulizi kitu, mume wangu anasema mdogo wake amebadilika. Programu yenyewe haina shida, juzi tu ilikata jina refu la marehemu katikati, lakini nilipokwenda kulirekebisha nikakuta limeshakaa sawa, mistari miwili imenyooka, nikajua seva imefuta picha ya zamani ikajisahihisha. Nikiizima, shemeji ataonekana mvivu, nikisema ukweli atakosa kazi, nikinyamaza ataumbuka Jumatatu. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Huruma

*

Marahaba, mwanangu. Sijakucheka, ila nusura.

Kwanza hongera, umeunda kitu cha maana. Lakini nani alikutuma umfiche mtu mzima mambo ya kazi yake mwenyewe? Umemhurumia kama mtoto mchanga, na mwenzako ana ndevu.

Pili, hebu soma tena ulichoandika. Seva imejisahihisha? Na wewe ndiye unayesema kazi yako unaijua! Mimi seva sijawahi hata kuiona, ila nina mpwa wangu wa kazi kama yako, nikampigia simu, akacheka mpaka akakohoa. Anasema programu ikikata jina leo, kesho italikata vilevile mpaka mtu aingize mkono wake. Mkono huo ni wa nani, kama si wa shemeji yako? Mchoraji anaijua picha ambayo hakuichora. Ameziona zote, na alipokuta jina la marehemu limekatwa alilichora upya, akaliweka, akanyamaza. Hakosi hamu ya kula kwa ajili ya sifa, mama. Anadhani uliyemwingiza kazini ndiye unayemtengenezea mlango wa kutokea.

Kwa hiyo usisubiri Jumatatu. Leo ukitoka kazini, jiko mwachie mume wako, wewe nenda kwa shemeji. Anza na samahani, maelezo yafuate baadaye. Akifoka, mwache afoke, ana haki. Akitulia, fungua kompyuta umwoneshe vile vipande, kisha mwambie aamue yeye picha ya msiba iweje, ya harusi iweje, na jina refu livunjwe wapi. Hayo programu yako haiyajui kwa sababu na wewe hukuyajua.

Kesho asubuhi mwingie nyote wawili kwa bosi, kabla hajakamilisha mipango ya hao wageni wake. Wewe useme ulichofanya, shemeji aseme alichofanya. Bosi anaweza kumwachisha kazi? Anaweza, sikudanganyi. Ila akijua kwamba tangazo la msiba wa watu lilikaribia kusambaa na jina nusu, na ni nani aliyeliona, atafikiri vizuri. Na akimwachisha, mtamtafutia kazi nyingine mkiwa bado mnasalimiana. Mama mkwe mwache kwanza, hajaingia katika hili.

Shemeji yako alikuwa na uwezo wa kwenda kwa bosi na kusema, "Hizi si zangu, na hii hapa imeharibu jina la marehemu." Hakwenda. Alikusitiri bila wewe kumwomba. Vaa viatu, uende.